Atakayeusemea Mto Kavuthi

Sogeeni karibu, wanangu. Kathini, niinue kichwa kidogo. Mulinge, toka hapo mlangoni, keti mahali nikuone. Pumzi iliyobaki ni ya kuomba, na maneno haya sitaki msemewe na mtu mwingine nikiwa nimeshafunikwa.

Shamba mligawane sawa, wa kike na wa kiume, na mbuzi vivyo hivyo. Hilo ni jepesi. Kinachoninyima kufa kwa amani ni kesi ya Mto Kavuthi.

Mmekua mkiyanywa maji yake, na mnajua kwamba mto ule hulaza maji chini ya mchanga. Ukifukua kwa kibuyu yanapanda yenyewe, ya baridi, hata katika kiangazi ambacho ng'ombe wa watu wanaanguka njiani. Malori yalipokuja, mchanga ukabebwa mpaka mwamba ukabaki wazi kama mfupa, na maji yakakosa pa kulala. Ndipo nikaenda kortini Kitui. Wakili wa wenye malori akaniuliza, "Mama Mutindi, wewe una tangi la maji ya mvua nyumbani. Umepoteza nini?" Nikamjibu, "Mimi sijapoteza kitu. Aliyeibiwa ni mto." Watu wakacheka. "Mto si mtu," akasema. Lakini jaji hakucheka. Alisema katiba yetu inamruhusu yeyote kuyatetea mazingira, hata kama mwenyewe hajaumia, na malori yakasimamishwa.

Nilidhani tutashangilia. Kumbe mkono mtupu haulambwi, na vijana wa hapa kwetu Matinyani, waliokuwa wakilipwa kupakia mchanga, walibaki na mikono mitupu kwa sababu yangu. Kanisani nikaachiwa benchi zima peke yangu. Nikipiga hodi kwa Kavindu, tuliyeolewa naye mwaka mmoja, tukatwanga pamoja na kuzika pamoja, nasikia redio inazimwa ndani, na mlango haufunguki. Nikawa naongea na kuku, wanangu, ili sauti yangu isinisahau.

Na wewe, Mulinge, ulikuwa mpakiaji wa yale malori. Ukahamia Kibwezi, ukawa unapiga simu Krismasi tu, maneno mawili halafu unakata. Sikukukasirikia. Mtoto wako alikuwa na njaa, na njaa ya mtoto naijua.

Baba yenu Nzau alipofariki, hakuna jirani aliyeleta jembe. Ulichimba kaburi peke yako, Mulinge mwanangu, bila kuniangalia, mpaka Muktar, yule mnunuzi wa mbuzi wa Kabati, alipofika na wenzake, akavua kofia na kuingia shimoni. Nilipomshukuru akasema, "Mama, mifugo yangu imekunywa hapa miaka yote, na haina mdomo wa kusema asante." Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Akija na mifugo yake, msimzuie kupita kwenye shamba letu kwenda mtoni.

Sasa sikieni vizuri, maana nachoka. Wenye malori wamekata rufaa. Wakili wangu amesema jina lililo kwenye kesi ni langu, nami nikifa bila mtu kushika nafasi yangu, kesi itaanguka na malori yatarudi. Mto hauwezi kupanda gari kwenda kortini. Hauna pa kulilia.

Sitawawekea kiumo. Laana ya mzazi ni mzigo mbaya, na mtu aliyesukumwa na hofu hawezi kumtetea mwingine. Atakayekubali ajue benchi litakuwa tupu, na milango itafungwa. Mimi naomba tu. Siamrishi.

Maji kidogo, Kathini... Basi, yatosha.

Kaburi langu lisijengewe saruji. Saruji hula mchanga. Nilazeni kando ya baba yenu, mniwekee mawe ya shambani. Majirani wasipokuja, msiwanunie. Nendeni ninyi kwao kwanza. Kavindu mwambieni nilimkumbuka kila siku.

Nipeni viganja niwatemee baraka, kama mama alivyonitemea. Thu... Mpate mvua. Mpate watoto wanaowasikia. Msiogope kubaki wachache. Mungu awa... awatangulie.

Nani ameshika mkono wangu hivi? Mulinge? Unasema nini, mwanangu, masikio yameziba... Utasimama wewe? Kwa jina lako?

Rudia. Rudia kwa sauti, dada yako asikie.