Chumba cha Mwenye Nyumba

RADMILA: Haloo? Ni nani? Haloo!

JASNA: Mimi, shangazi. Jasna. Shikamoo.

RADMILA: Marahaba, mwanangu. Mbona sauti hiyo? Una mafua na jua lote hili?

JASNA: Nimejibana pua. Niko mjini Kikinda, nje ya fleti ya Mama, nimesimama kwenye ngazi. Shangazi, kunanuka!

RADMILA: Kunanuka nini?

JASNA: Mzoga. Sijui. Bibi Stojanka wa chini anasema kuna maji meusi yanamdondokea kutoka darini, yameingia kwenye supu yake. Mimi nimeshatapika. Kwenye chungu cha maua yake.

RADMILA: Ptuu! Nilikwambia nini mimi? Kabla hujampa mtu ufunguo, nenda kwake anakokaa sasa, omba maji ya kunywa, itazame glasi. Mkataba ni karatasi tu, glasi haidanganyi!

JASNA: Glasi yake ilikuwa safi, inang'aa—

RADMILA: Basi hukuingia chooni. Mpangaji wako wa kwanza, ukaona haya kuingia chooni! Si yule binti wa duka la dawa, mwenye mtoto mchanga?

JASNA: Tijana. Ndiye. Nimemkuta kapiga magoti anasugua sakafu kwa siki.

RADMILA: Kwa sababu ulipiga simu kuwa unakuja! Mpangaji husafisha akisikia viatu vyako kwenye ngazi. Siku nyingine usi— (mkwaruzo) —mtokee tu.

JASNA: Sikusikii vizuri. Halafu madirisha kayaacha wazi. La jikoni na la sebuleni.

RADMILA: Yote mawili? Upepo unapita kati?

JASNA: Pazia limetoka nje lote.

RADMILA: Na mtoto yumo humo?

JASNA: Kamvika kofia ya sufu. Agosti hii.

RADMILA: Mama gani huyo! Upepo wa kupita unamlaza mtu mzima kitandani, sembuse kichanga! Hakuna mtu mwenye akili hapa kwetu anayefanya hivyo. Mchafu, tena mwendawazimu. Mtoe leo leo!

JASNA: Nimeshamwambia asubuhi kwenye simu. Nimemwambia ahame leo.

RADMILA: Hapo sawa. Nawe usilainike. Akianza machozi, tazama ukuta.

JASNA: Halii. Anasema tu harufu haitoki kwake. Eti inatoka chumba cha Mama.

RADMILA: Ha! Wote wimbo wao ni huo! Ukifunga chumba kimoja cha vitu vyako, utaambiwa kuna panya, kuna moshi, kuna shetani, mradi ufungue. Ukifungua leo, kesho utakuta godoro lake mle.

JASNA: Alianza kuniambia Julai. Kaniambia tena na tena.

RADMILA: Ukamjibu nini?

JASNA: Ulivyonifundisha. "Chumba hicho hakikuhusu."

RADMILA: Safi kabisa.

JASNA: Sijakifungua tangu arobaini ya Mama, shangazi. Nilifunga nikakimbia. Najua viatu vyake vya ndani bado viko palepale chini ya kitanda.

RADMILA: Basi usikifungue leo. Utajiumiza bure.

JASNA: Nimerudi ndani. Yale maji meusi yanatoka chini ya mlango wa Mama. Siyo uchafu wake. Huu ni wetu.

RADMILA: Kamwaga mwenyewe huyo!

JASNA: Nafungua.

RADMILA: Jasna, mwanangu, subi— (mkwaruzo) Haloo? Haloo! Unanisikia?

JASNA: (anakohoa) Nzi... Mungu wangu, nzi wamejaa ukutani! Wananiingia mdomoni!

RADMILA: Nini? Kuna nini humo?

JASNA: Friza.

RADMILA: Friza gani?

JASNA: Ya Mama! Aliiweka humu kwa sababu jiko ni dogo, si unajua? Nyama yote ya yule nguruwe wake wa mwisho, shangazi. Soseji zake. Madonge yake ya unga yenye matunda ya plamu. Mfuniko umevimba, umefunguka wenyewe. Funza wanatembea juu ya... Siwezi. Ni uji. Ni uji mweusi.

RADMILA: Lakini friza haiozeshi kitu! Umeme si upo?

JASNA: Haupo. Nilichomoa fyuzi ya chumba hiki Tijana alipohamia.

RADMILA: Mjinga nani aliyekwambia uchomoe fyuzi?

JASNA: Wewe. "Chumba chako usikiachie umeme, mpangaji atavuta waya." Tulikuwa jikoni kwako, tunakunywa kahawa.

RADMILA: Nilisema uchomoe. Sikusema uache nyama.

JASNA: Miezi miwili kalala na hii! Yeye na mtoto wake! Anasugua uozo wetu kwa siki, na mimi namwita mchafu!

RADMILA: Punguza sauti. Sikiliza. Funga mlango huo upesi, mwambie umekuta panya kafa. Panya huletwa na uchafu wa—

JASNA: Yuko nyuma yangu.

RADMILA: Nani?

JASNA: Tijana. Ameona yote.

RADMILA: Anasema nini?

JASNA: Ameshika begi. Vitu vyake viko tayari mlangoni. Mtoto amemlalia begani, na ile kofia.

RADMILA: Basi mwache aende. Fleti haikosi mtu.

JASNA: Ninyamazie, shangazi! Nauchukia hata mkono wangu ulioshika simu. Umenifundisha glasi, umenifundisha choo, umenifundisha kutazama ukuta. Sasa nifundishe hili moja. Mwenye nyumba anamwombaje mpangaji msamaha?

RADMILA: Sijui, mwanangu. Sijawahi.

JASNA: Anafungua mlango wa nje. Na salio langu linaisha, simu imeanza kulia.

RADMILA: Jasna! Mpokee begi.

JASNA: Nini?

RADMILA: Begi! Usiseme neno, mtoe begi mkononi, lirudishe ndani. Mpokee be—