Skrini Iliyokuwa Chini ya Kitambaa

Salaam aleikum kwa wa salaam, na wale wa habari, habari zenu. Mwenyekiti amesema leo ni zamu yangu. Nimekataa mara nyingi na nyinyi mmeniona. Wenye watoto wanaolia, wanyonyesheni tu, sitakasirika. Lakini msinikatize katikati, kwa sababu nikinyamaza sitaanza tena.

Ile miaka ya themanini ikielekea kuisha, nilikuwa taipisti kwenye mradi wa maji hapa Isiolo. Bwana yangu alikuwa dereva wa bauza, yale malori ya tangi. Walijaza maji kwenye visima vya huko juu, kupita Ngaremara na kuendelea, wakawapelekea watu kwenye manyatta, vile vijiji vya wafugaji. Ukame mmoja alitumwa kwenye kisima ambacho pampu yake ilikuwa imekufa, na hakuna mtu aliyemwambia. Akakuta pakavu. Akirudi na tangi tupu, lori likakwama njiani. Walimpata, lakini walichelewa. Nisiseme zaidi hapo, jua la huko mnalijua.

Baada ya kifo chake mradi ukaletewa kompyuta. Msicheke! Nyinyi mmezoea hizi za siku hizi. Ile ilikuwa kubwa kama sanduku la nguo, nami nikapelekwa Nairobi kufundishwa. Ndani yake kulikuwa na ramani ya visima. Habari zilikuja kwa redio jioni, namba ya kisima na namba ya hali yake, si majina, nami nazipiga moja kwa moja kwenye mashine, bila kuziandika popote. Asubuhi ramani inachorwa: kisima chenye maji ni duara lililojaa, kilichoharibika ni duara tupu. Ikimaliza kuchorwa, mashine inalia, pii. Na kwa sababu ya yale ya bwana yangu, madereva hawakukubali tena kuambiwa na mtu. Walisimama dirishani, kila mmoja akaona duara lake kwa macho yake, ndio awashe gari.

Skrini ya kwanza ilikuwa ya kijani tupu. Ilipoletwa ya rangi, ile ya zamani nikaruhusiwa kuichukua nyumbani, mtaani Bulla Pesa. Nikaiweka mezani, nikaifunika na kitambaa cha kufuma, kama televisheni. Si mnajua sisi! Wageni walikaa wakiiangalia, na hakuna aliyeuliza kwa nini haiwashwi. Lakini mama mkwe wangu, ambaye alihamia kwangu baada ya msiba, alivuta mkeka mbele yake na kukaa hapo kutwa. Nikimwuliza, ananijibu, "Siku moja kitawaka." Wallahi nilikuwa naogopa kuingia nyumbani kwangu.

Sasa ukame ukarudi. Upepo ulikuwa unapiga mabati mchana kutwa, na njia ya soko la mifugo ilinuka mizoga. Wakati huo huo fundi akaja kutoka Nairobi na disketi, akaweka mfumo mpya kwenye mashine. Tukajaribu kuandika barua, ikaandika vizuri. Fundi akapanda gari akaenda zake. Jioni redio ikaleta namba, nikazipiga kama kawaida.

Asubuhi nikaita ramani. Skrini ikawa nyeusi.

Nikazima, nikawasha. Herufi zinakuja, barua zinakuja, nikiita ramani tu, giza. Nikajaribu tena na tena. Madereva wako dirishani, wanangoja. Injinia alikuwa safarini, simu ya Nairobi ilikuwa inakwaruza tu, na redio za huko hazifunguliwi mpaka jioni. Na manyatta walikuwa wamemaliza maji tangu jana.

Ndipo nikasikia dereva mmoja anamwambia mwenzake, wala hakupunguza sauti: "Huyu mama alizima bwana yake, sasa amezima mashine."

Ndugu zangu, nawaambia, lile neno liliingia. Nilianza kuliamini! Niliangalia ile skrini nyeusi, nikaona uso wangu ndani yake, nikasema, ni kweli, mimi ndiye mkosi. Mkubwa wa ofisi naye akaniambia nisiguse mashine tena, nichukue vitu vyangu. Na dereva aliyepangiwa safari ndefu siku hiyo alikuwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu, mtoto pekee aliyembakia mama mkwe. Akaja mlangoni, lori lake likiunguruma nje, akanipa pole, akasema, "Shemeji, watu wana kiu. Nitaenda kile kisima cha siku zote, kile hakijawahi kutuangusha."

Hata kaka yake alisema hivyo hivyo, siku ile ya mwisho.

Nikanyanyuka kuchukua leso yangu. Mashine ilikuwa bado inawaka, kwa sababu nilikuwa nimeita ramani mara ya mwisho na kuiacha, sikuizima upesi kama zile mara za kwanza. Nikiwa mlangoni, nikasikia nyuma yangu: pii.

Nikasimama. Subiri, nikajiambia. Mbona inalia? Inalia ikimaliza kuchora. Kama imekufa, imemaliza kuchora nini?

Nikapiga magoti nyuma ya meza, kwenye vumbi na buibui. Pale nyuma kulikuwa na soketi mbili za skrini. Moja ina waya. Ya pili, ya ile skrini ya kijani, haina kitu. Ramani ilikuwa inachorwa kila mara, inapelekwa kwenye skrini ambayo haipo!

Nikamwambia shemeji, "Nakuomba kwa roho ya kaka yako, zima hiyo injini unisubiri." Akanitazama sana. Alikuwa na kila sababu ya kuondoka. Akaizima.

Nyumbani mama mkwe alikuwa mkekani kwake. Nikamwambia naitaka skrini. Akaikumbatia. "Unataka kunichukulia na hiki?" Nikakaa chini nikalia mbele yake, nikamwambia, mama, mtoto wako anataka kwenda huko visimani, na mimi bila hii sioni njia. Akatoa kitambaa mwenyewe. Tukaipakia kwenye mkokoteni wa punda, na akakataa kubaki.

Ofisini mkubwa akaniachia njia, nikachomeka waya. Ile skrini ilikuwa nzito kuwaka. Kwanza giza, halafu ukungu wa kijani, halafu, pole pole, barabara, mito mikavu, na maduara. Madereva waliokuwa dirishani wakasema Alhamdulillahi kwa sauti moja.

Mama mkwe akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Mwanangu yuko wapi hapa?" Nikamwonyesha duara tupu la kile kisima alichotumwa bwana yangu. Akaliwekea kidole, akakaa nalo. Halafu akauliza, "Na huyu mwingine anakwenda wapi?"

Nikatafuta kile kisima cha siku zote. Duara lake lilikuwa tupu.

Yule mama hakupiga kelele. Alitoka nje, akaenda kusimama mbele ya bonneti ya lori, mikono ameitandaza, akamwambia mtoto wake, "Huko hapana." Shemeji akashuka. Tukatafuta pamoja duara lililojaa, akaenda huko, na siku hiyo manyatta walikunywa.

Fundi alirudi akaturekebishia. Alisema kuna programu ndogo inayoelekeza picha iende skrini gani, na kwa kuweka mfumo mpya, maelekezo ya zamani, ya skrini ya kijani, yalirudi. Aliomba radhi mbele ya madereva, namshukuru kwa hilo. Namshukuru shemeji yangu kwa kuzima injini akiwa na haraka. Na mama mkwe, Mungu amrehemu, kwa kutoa kitu cha mwisho alichokuwa amekishika.

Sasa mniulize kwa nini nawaambia mambo ya mashine. Ni kwa sababu mimi nilikuwa vile vile, wamama. Upendo wangu wote, maneno yangu yote, nilikuwa namtumia mtu ambaye hayupo, nikaonekana kama skrini nyeusi kwa walio hai. Nilikuwa nasema nimekufa. Kumbe nilikuwa nalia pii kila siku na sisikii.

Kuna mmoja hapa kwenye mkeka, sitamtaja, tangu msiba wake hajatuongelesha. Usijibu, dada. Kesho nitakuja kwako asubuhi. Sitakuambia uwache kulia. Nitakaa tu upande huu wa walio hai, pale ambapo hujaangalia bado.