Neno "Dhahiri" katika Ukurasa wa Arobaini na Moja

Sogeeni karibu, wanangu. Wewe Swantje niliyekuzaa, nawe Henning niliyekulea kwa chaki, maana kwetu hapa Kiel anayemfikisha mtu kwenye shahada ya udaktari huitwa baba yake, na baba haondoki kimya.

Nyumba ni yako, Swantje. Ubao wa jiwe na vitabu ni vya Henning. Hayo ni madogo.

Miaka thelathini na moja iliyopita nilithibitisha kwamba utando wa sabuni uliotandwa kwenye waya usio na kona hauna mkunjo popote, hadi pale unapougusa waya wenyewe. Milinganyo yake ilinipiga mieleka miaka sita, mwisho ikasalimu amri, nami najivunia, nitajivunia hata kaburini. Lakini katika ukurasa wa arobaini na moja, nilipofika ukingoni mwa utando, niliandika "ni dhahiri" nikapita. Detlef Osterkamp wa Rostock akaniuliza kwa barua, "Dhahiri kwa nani, bwana?" Nikamjibu, "Kwa wenye macho." Nikaisoma barua yake mkutanoni, watu wakacheka, naye hakunisalimia tena. Jumatatu iliyofuata nikakaa niithibitishe hiyo dhahiri, nikashindwa. Nikashindwa miaka thelathini, huku navishwa nishani. Mficha uchi hazai, wanangu, nami nilijificha.

Majira ya baridi yaliyopita ndipo nikafungua makala ya Osterkamp, ile niliyoapa sitaigusa, nikaona namna yake ya kupima ukingo ndiyo ufunguo nilioutafuta. Kurasa tisa tu, na zimesimama! Henning amezikagua mstari kwa mstari. Nadharia ilikuwa kweli siku zote. Mwongo nilikuwa mimi.

Usikunje uso, Henning. Najua ungependa kuzichapisha kama nyongeza ndogo, pasiwe na anayeshtuka. Sitaki. Andika waziwazi kwamba palikuwa na tundu katika uthibitisho wangu. Panda treni, mpe mzee Osterkamp kurasa hizo mkononi, mwambie mimi, Asmussen, naomba radhi. Nawe Swantje, niache niseme. Watakaocheka na wacheke, nilicheka mimi kwanza. Akikubali, jina lake likae pamoja na langu. Desturi yetu ni kufuata alfabeti, na A yangu imewatangulia watu maisha yangu yote. Safari hii desturi ivunjwe.

Maji... ahsante, binti yangu. Mungu awabariki. Awape mpinzani asiyewaachia, mumpende mapema kuliko mimi... Henning, andika sasa hivi, nikuone. Osterkamp... na Asmussen. Nisomee. Taratibu, mwanangu... nataka kulisikia jina lake kwanza.