Boti ya Ushindi na Alama za Chaki

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Naomba leo mniitikie kwa sauti ndogo tu. Nitakayoyasema si ya vigelegele, na wale wenye kinanda naomba wasiguse kinanda mpaka nimalize.

Wengi mnanifahamu. Mimi ni Mama Kulwa. Kabla ya haya yote nilikuwa napika chakula pale karibu na stesheni ya Tabora, wali na maharage, na samaki siku za treni. Baba yangu alikuwa mvushaji kule mto Malagarasi, akivusha watu na baiskeli zao na mbuzi wao kwa boti za mbao. Nimekulia kwenye boti hizo. Daraja lilipojengwa, hakuna aliyezihitaji tena. Zikavutwa kwenye matete, zikaachwa.

Mimi nikazitamani! Wageni waliokuwa wakila kwangu walikuja Tabora kutazama njia ya zamani ya misafara, ile iliyokwenda mpaka Ujiji. Walizunguka mjini asubuhi moja, kisha wakauliza, "Mama, kuna nini kingine cha kuona?" Ndipo nikawaza Ziwa Sagara, kule mbele ya Kaliua. Viboko wapo, ndege wapo wa kila rangi. Kwa nini nisiwatembeze watu majini kwa boti za baba yangu?

Niliomba, nikafunga, nikaamini ni Mungu aliyenipa wazo lile. Nikanunua boti mbili, zikapakiwa kwenye lori hadi ziwani. Moja nikaiita Baraka, nyingine nikaiita Ushindi. Ushindi ndiyo iliyokuwa kubwa. Mbavu zake zilikuwa za mninga mzito, lakini chini, miaka ya nyuma, mtu alikuwa ameiwekea viraka vya mbao nyepesi.

Fundi wangu alikuwa Mzee Salum. Mnamjua. Milango ya nyumba nyingi za mji huu kaitengeneza yeye, na hata mimbari hii ninayoishika, yeye Mwislamu, ndiye aliyeiranda. Nilimwomba akae ziwani wiki tatu aniandalie boti zangu, akaja. Baraka akaimaliza vizuri. Ilipofika zamu ya Ushindi, akaingia ndani, akafunua mbao za sakafu, akawa anagongagonga kwa kisigino cha patasi. Kila alipogonga pakaitika vibaya, alichora msalaba kwa chaki nyeupe. Nikahesabu alama saba.

Akaniambia, "Mama Kulwa, hii isiende na watu. Hizi mbao zitoke zote, tuweke mpya. Nipe mwezi."

Ndugu zangu, mwezi sikuwa nao. Kwaya yetu, kwaya ya kanisa hili, ilikuwa inakuja Jumatatu ya Pasaka kufungua safari zangu. Nilikwisha tangaza kila mahali. Nikamjibu, "Mzee Salum, boti hii mchungaji ameiombea na kuipaka mafuta. Imewekwa wakfu."

Akaniambia, "Dua ni njema, mama. Lakini ubao umeoza."

Hatukuwa na mtu wa tatu pale. Alipokwenda kuoga, nikachukua kitambaa, nikakichovya ziwani, nikafuta alama zile zote saba, moja baada ya moja. Nikarudisha mbao za sakafu mahali pake. Kwa mikono yangu! Si shetani aliyeshika kitambaa kile. Ni mimi.

Jumatatu ile kwaya ikaja na basi la kukodi, wamevaa sare, wanaimba tangu barabarani. Baraka isingewatosha, nikawapandisha wote kwenye Ushindi, chini ya turubai la kivuli. Maboya ya kuvaa yalikuwa machache kuliko watu. Mimi, mwenye chombo, nilivaa boya. Getruda hakuvaa.

Kwa ajili ya mgeni aliye hapa leo, niseme Getruda alikuwa nani. Alikuwa mwalimu wa chekechea, mwimbaji wa sauti ya pili, mtoto pekee wa Bibi Anjela. Alipoona maboya hayatoshi, alicheka akasema, "Mimi nitashika bomba la turubai, Mama Kulwa. Usijali."

Nami sikujali.

Tulipofika katikati, mtu mmoja akapiga kelele, "Viboko wale!" Wote wakahamia upande mmoja watazame. Nikasikia mlio chini ya miguu, mlio mfupi kama wa mhogo unaovunjwa. Maji yakaingia. Hayakuja polepole. Yalipanda mpaka magotini kabla mtu hajajua aseme nini. Injini ikazima, boti ikalala ubavu, na turubai likatufunika.

Wavuvi walituona. Walikuja na mitumbwi yao wakipiga makasia kwa nguvu zote, wakatuvuta mmoja mmoja kwa nywele, kwa sare, kwa chochote. Walipotuhesabu ufukweni, tulipungua mmoja. Getruda walimpata kesho yake asubuhi, kwenye matete.

Polisi walipokuja kuuliza maswali, waliniuliza mimi kwanza. Nikasema, "Fundi aliniambia iko tayari." Maneno manne tu! Walipomuuliza Mzee Salum, alieleza juu ya mbao mbovu na alama za chaki. Wakaenda kutazama boti ilipotolewa majini. Hawakuona chaki yoyote, na nani angetegemea chaki ibaki baada ya maji yale? Wakamweka ndani siku kadhaa, wakamwachia kwa kukosa ushahidi. Lakini mji ulikuwa umeshamhukumu. Watu walikwenda karakana yake wakachukua vitanda vyao ambavyo alikuwa hajavimaliza. Mtu mmoja alikwenda kuchukua mlango bado hauna komeo, akaubeba hivyo hivyo kichwani. Baadhi yenu mko hapa, nawaona. Siwalaumu, mlinisikiliza mimi.

Halafu, ndugu zangu, nikaja hapa.

Mnakumbuka. Nilisimama mahali hapa hapa nikatoa ushuhuda. Nilisema Bwana amenitoa katika maji mengi! Nilisema adui alikusudia kunimaliza, akashindwa! Mlipiga makofi, mkaimba, mkaleta sadaka mbele ili nianze upya. Na Bibi Anjela alikuwa amekaa benchi la tatu, na kitambaa cheusi begani, akinisikiliza.

Tulipotoka alinisubiri mlangoni. Hakulia. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia basi, "Mama Kulwa, huyo Mungu aliyekuona wewe ndani ya maji, mwanangu hakumwona?"

Nilisema, "Pole, mama," nikapita.

Tangu siku ile sikuweza kuomba. Nilipiga magoti, midomo ikasogea, moyo ukakaa kimya kama jiwe. Mlinipongeza sokoni, mkaniita mama wa imani, na kila mlivyoniita hivyo nilitamani ardhi inimeze. Mlinialika nikashuhudie makanisa mengine, Nzega na Igunga, na ole wangu, nilikwenda. Kila nilipousimulia uongo ule uliongezeka utamu, mpaka mimi mwenyewe nikaanza kusikia sauti ya malaika iliyoniita majini. Hakukuwa na malaika! Kulikuwa na mvuvi aliyeniambia, "Shika hapa, mama, acha kupiga mateke."

Siku moja Igunga, nikiwa katikati ya ushuhuda huo, nilimwona mwanamke mzee nyuma kabisa, amevaa kitambaa cheusi. Hakuwa Bibi Anjela. Wala hakufanana naye. Lakini sauti yangu ilikatika, na sikuweza kuendelea. Wakadhani ni Roho amenishukia. Wakashangilia! Nikatoka nje nyuma ya kanisa, nikamwambia Mungu kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, "Baba, nimeua mtu, na nikamtupia mwingine."

Sikusikia sauti. Nilijua tu mahali pa kwenda.

Mzee Salum alikuwa ameshahamia Sikonge kwa dada yake. Nilishuka kwenye basi nikachukua pikipiki, vumbi lote likanila. Nilimkuta chini ya banda la nyasi, anatengeneza mizinga ya nyuki.

"Shikamoo, Mzee Salum."

"Marahaba." Akaendelea kuranda.

Nikapiga magoti kwenye maranda. "Nimekuja kuomba msamaha. Zile alama za chaki nilizifuta mimi."

"Najua," akasema. "Nilirudi kuchukua patasi yangu nikafunua sakafu. Nikajua umefuta. Nikasema moyoni, hawezi, ataahirisha. Nikaenda kulala. Hilo la kunyamaza ni langu na Mola wangu."

Nikalia. Nikamwambia, "Nisamehe, mzee wangu."

Akaweka randa chini. Akasema, "Mama Kulwa, uongo uliniambia mimi?"

"Hapana."

"Uliwaambia watu wa Tabora. Hapa Sikonge hakuna hata mmoja aliyeusikia. Hapa naitwa fundi. Sasa unaniomba nini huku porini? Nikisema nimekusamehe, utapanda basi ukalale vizuri, na mimi nitabaki muuaji mjini kwangu. Nenda kwanza."

Hakunifukuza. Dada yake alinipa maji ya kunywa. Lakini hakusema amenisamehe, na mpaka leo hajasema.

Ndugu zangu, nimekwenda kwanza. Alhamisi nilikwenda polisi nikaandika maelezo mapya, nikatia sahihi. Nimeambiwa nisitoke mjini mpaka nitakapoitwa. Nitakapoitwa, nitakwenda, na sitaki wakili wa kanisa aje kunisafishia maneno. Jana nilikwenda kwa Bibi Anjela. Alikuwa anachambua mchele barazani. Nikamweleza yote, kitambaa, alama, boya. Hakuinua macho kutoka kwenye ungo. Mwisho akaniuliza, "Haya utayasema kanisani?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi nitakuja nisikie."

Amekuja. Yuko palepale, benchi la tatu.

Kwa hiyo sikieni ushuhuda wangu wa kweli. Majini walinitoa wavuvi, watu ambao hata majina yao sikuyauliza. Mungu amenitoa kwenye uongo. Amenitoa sina biashara, sina jina, na sijui kesho nitalala wapi. Namshukuru! Namshukuru, maana usiku wa jana niliomba na moyo ukaitika.

Ndugu yangu uliyekaa hapo na jambo lako, umelifunika vizuri, watu wanakusifu. Mtumaini Bwana. Usimtumaini akufichie; mtumaini akushike mkono wakati unalifunua. Wala usingoje. Mimi nilingoja, na kungoja kwangu kumemfanya mzee asiye na hatia ale ugenini. Mwambieni Mzee Salum arudi. Mpelekeeni vitanda vyenu, mpelekeeni milango. Nendeni nyinyi wenyewe, mumwambie mlikosea, kwa sababu nyinyi pia mlimhukumu.

Msinipigie makofi. Msiniletee sadaka.

Nimebakiwa na jambo moja. Siku ile niliposhuhudia, mlinipa mimi kipaza sauti, na mama aliyefiwa hakuna aliyempa. Tulimwimbia tu.

Bibi Anjela, mama yangu, kipaza sauti ni hiki. Nakuletea hapo ulipo, usisimame. Sema lolote ulilonalo, hata la kunilaani. Na kama huna neno, kishike tu, nasi wote tutakaa kimya mpaka utakapotaka kukirudisha.