Sahihi Niliyoinyima Barabara ya Wambusa

Mheshimiwa Waziri wa Barabara wa Kaunti yetu, Mheshimiwa Kamishna, Mhandisi Mkuu Bwana Shitanda, waheshimiwa wawakilishi wadi, wachungaji, mashekhe wetu mliotoka Mumias, machifu na wazee wa mitaa, wafanyakazi wenzangu wa kambi na karakana, jamaa zangu wa Khwisero, marafiki mliofunga safari kutoka Lugari, mabibi na mabwana, nawaamkia kwa salamu ya kwetu: mulembe! Hapana, hiyo ni sauti ya watu waliokwisha kula. Mulembe! Naam. Sasa nawasikia.

Nimepewa dakika kumi. Nimepewa ushauri pia. Pale mlangoni Bwana Willis, anayetuongozea sherehe hii, aliniinamia sikioni akasema, "Mama Sellah, leo ni siku ya furaha. Ile mambo ya Wambusa tuiache kidogo."

Nikamwuliza, "Umetumwa, au ni mawazo yako?"

Akacheka. Bwana Willis, nakuheshimu, na chakula ulichotupangia kimenishibisha, lakini mambo ya Wambusa nimeyaacha kidogo kwa miaka mingi mno. Leo nastaafu nikiwa na umri wa miaka sitini, nimeitumikia serikali miaka thelathini na saba, na kuanzia saa hizi hakuna barua ya onyo inayoweza kunifikia. Kama si leo, nitayasema lini?

Mimi, Sellah Andati, nilizaliwa barabarani. Simaanishi kwamba mama alijifungulia njiani. Namaanisha kwamba kwetu barabara ilikuwa kazi ya nyumba, kama wengine walivyokuwa wahunzi. Bibi yangu aliichimba akiwa na mimba ya baba, kwa amri ya chifu wa mkoloni, kwa jembe lake mwenyewe, bila ujira hata wa chumvi. Na alipouliza kwa nini, aliambiwa barabara ni ya maendeleo yake. Wakati huohuo, kule Lugari, mashamba ya Wazungu yalipitiwa na greda la serikali, na kodi ya kichwa aliyoilipa babu ndiyo iliyonunua mafuta ya greda lile. Basi mnaposikia watu wakisema siku hizi kwamba mwananchi wa kawaida hana haki ya kuulizia fedha za barabara, jueni kwamba hayo si maneno mapya. Ni ya zamani sana, nayo hayakuanzia kwetu.

Baada ya uhuru baba aliajiriwa katika kambi ya barabara. Kila mfanyakazi alipewa kipande chake. Cha baba kilikuwa maili nne, upande wa Butere, na alikijua kama mtu anavyolijua zizi lake. Mvua ikinyesha, hakungoja kutumwa. Alitoka na koleo kuzibua mifereji. Kisha zikaja zile siku za kupunguza wafanyakazi. Baba akapewa barua na kiinua mgongo kisichotosha kuezeka nyumba, na maili zake nne zikaachiwa makaratasi ya ofisini. Mwaka wa tisini na tatu tukaambiwa shida imekwisha: kila anayenunua mafuta atalipa ushuru wa kutengeneza barabara. Tukalipa, na tunalipa hadi leo. Analipa mwenye gari, na analipa mama anayepanda bodaboda na mtungi wake wa maziwa, kwa sababu ushuru umo ndani ya nauli yake. Hata nyinyi mliokuja kwa miguu mmelipa, kwa kuwa unga wenu ulikuja kwa lori. Sasa niambieni, katika ukumbi huu, nani asiyekuwa na hisa katika barabara?

Ugatuzi ulipokuja mwaka wa 2013, mimi nilihamishiwa kaunti pamoja na kabati langu. Barabara nazo zikagawanywa: hii ya kwao, serikali kuu, hii ya kwetu, kaunti. Hapo ndipo lilipozaliwa lile shimo la njia panda, ambalo wenzangu wa kambi mnalikumbuka. Lilikaa mahali barabara yetu inapokutana na yao. Niliandikia ofisi yao, wakajibu kwamba shimo si lao. Nikaandikia ofisi yangu mwenyewe, nikajibiwa kwamba shimo si letu. Shimo lenye upana wa kitanda, maji mpaka magotini, na halina mwenyewe! Jumamosi moja mimi na Bwana Shikanga, dereva wa greda, tukalijaza mawe na changarawe, tukashindilia. Jumatatu nikapata barua ya onyo kwa kufanya kazi nje ya mipaka yangu. Mnacheka. Mimi pia nilicheka, nikaitundika ile barua ukutani jikoni.

Lakini Wambusa haikuwa ya kuchekesha.

Mwaka wa 2015 ilitolewa kandarasi ya kutengeneza barabara ya kijito cha Wambusa, kilomita tisa. Mkataba ulitaka changarawe ya inchi sita iliyoshindiliwa, na karavati kumi na moja, yale mabomba makubwa ya simenti yanayopitisha maji chini ya barabara. Mkandarasi sitamtaja. Anajijua, na watoto wake hawana kosa. Kazi yangu ilikuwa kukagua na kutia sahihi kwamba kazi imekamilika. Nilikwenda na jembe, nikachimba mahali ishirini na kuandika kila kipimo katika kijitabu. Changarawe ilikuwa inchi mbili, na mahali pengine ilikuwa vumbi tu lililopakwa juu kama poda. Karavati niliziona tano. Sita hazikuwepo.

Mkubwa wangu wa wakati huo, ambaye hayupo hapa leo, aliniita ofisini. Fomu ilikuwa mezani na kalamu imewekwa juu yake.

"Madamu Sellah," akasema, "weka sahihi twende nyumbani."

"Bwana mkubwa, karavati sita hazipo."

"Zitakuja."

"Basi zikija nitaweka."

Akavua miwani. "Wewe unadhani wewe ni nani? Barabara hii imepangwa na watu wakubwa."

"Mimi ndiye ambaye jina langu linaandikwa hapo chini," nikasema. Nikatoka.

Naona mnataka kupiga makofi. Ngojeni kwanza. Hadithi hii imesimuliwa hapa mjini mara nyingi, na kila mara inaishia hapo, mama jasiri akitoka mlangoni. Mimi ndiye niliyekuwepo, nami nawaambia ilivyokuwa. Niliporudi nyumbani nilikifungia sandukuni kile kijitabu chenye vipimo vyote, nikanyamaza. Siku ya pili mtu mwingine aliweka sahihi, mkandarasi akalipwa, na mimi nikajiambia: mikono yangu ni safi. Nilikuwa na watoto wawili chuoni. Niliogopa. Kwa miezi minane nilipita kanisani, sokoni, barazani, nikijua ni sehemu zipi za barabara ile zilizo tupu chini, na sikumwambia mtu yeyote.

Mwezi wa tano wa mwaka uliofuata mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Titus, mtoto wa kaka yangu, alikuwa dereva wa trekta la miwa. Asubuhi ya siku ya tano alipita Wambusa na trela mbili zilizojaa. Pale palipoandikwa kwamba pana karavati ya saba hapakuwa na kitu ila udongo, na maji yalikuwa yameshaula kwa chini. Barabara ikakatika. Trekta likapinduka na kumlalia mguu, na watu walimchomoa kwa mashoka na mikono kwa muda wa saa mbili.

Mguu ulikatwa juu ya goti. Nilikwenda hospitalini nikakaa kando ya kitanda chake, nikamwambia kila kitu: jembe, inchi mbili, karavati sita, sanduku.

"Senje," akasema, maana kwetu ndivyo tunavyomwita shangazi, "ulijua?"

"Nilijua."

"Na nilikuwa napitanga hapo kila siku. Unaniona, unanipungia mkono."

Nilipiga magoti kwenye sakafu ya wodi. Hakunikaripia. Aligeuza uso ukutani, na hilo lilikuwa baya kuliko kukaripiwa. Nilipofika mlangoni akaniita. "Senje, mimi sitaki pole. Enda useme."

Nikaenda kusema. Wiki mbili baadaye chifu aliitisha baraza kuhusu ajali, na wakubwa wakaja kueleza kwamba mvua ile ilikuwa kazi ya Mungu. Nikainua mkono. Nikafungua kijitabu nikasoma vipimo vyote ishirini, mahali kwa mahali, kwa Kiswahili na kwa Luluhya, ili asiweko mtu wa kusema hakuelewa. Mkubwa mmoja akasimama akapaza sauti, "Huyu mama ni mgonjwa, mnyang'anyeni hicho kitabu!" Mama mmoja muuza mboga, Teresa, yule pale mwenye kitambaa cha kijani, akaja akasimama kando yangu. Kisha wakaja wanawake wengine sita, kisha kumi, wakanizunguka mpaka nikamaliza kusoma. Teresa, sikuwahi kukushukuru mbele ya watu. Nakushukuru leo.

Jumatatu iliyofuata nilihamishiwa Lugari. Kazi yangu mpya ilikuwa kulinda ghala lenye greda bovu. Cheo changu kilisimama hapohapo miaka tisa. Waliodhani wamenitupa, walisahau kitu kimoja: Lugari kuna watu, na watu wale wana mahindi ya kufikisha sokoni. Bi. Cherotich, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, alinikuta nimekaa nje ya ghala akaniuliza kazi yangu ni gani. Nikamwambia, "Kuangalia greda lisikimbie." Akacheka mpaka akaketi chini. Kisha akaniuliza swali la maana: "Barabara ya kwetu inatengenezwa. Mtu anajuaje kama inatengenezwa vizuri?"

Basi tukaanza, chini ya mabati ya ghala la serikali, baada ya saa za kazi. Niliwafundisha kusoma mkataba. Niliwafundisha kupima changarawe, na kutambua mfereji unaopeleka maji na mfereji wa mapambo. Mkandarasi wa kule alipokuja kuweka inchi mbili zake, alikuta wakulima thelathini wameketi katikati ya barabara na jembe moja. Bi. Cherotich akamwambia, "Hatuna ugomvi na wewe. Tunataka inchi sita. Tunaweza kungoja." Walingoja siku mbili. Barabara ile mpaka leo inapitika masika na kiangazi, na walioijenga hasa ni wale walioketi.

Na Wambusa? Wachunguzi walikuja, wakaandika, wakaondoka. Hakuna aliyefungwa. Mkandarasi hakurudisha kitu. Barabara ilitengenezwa upya na mwingine, kwa ushuru wenu tena, na karavati kumi na moja zipo. Nimezikagua moja moja kwa macho yangu. Titus hajapata fidia hata leo. Alijifunza kushona viatu, akafungua kibanda Khwisero, akaoa. Yupo hapa na mke wake, Maurine. Ilimchukua mwaka mzima kunipungia mkono tena. Siku aliponipungia nililia njia nzima mpaka nyumbani.

Waheshimiwa, nasoma magazeti kama nyinyi. Nasikia ushuru wa mafuta unagombaniwa, Nairobi inauvuta huku, kaunti zinauvuta kule, na kesi ziko mahakamani. Mimi ni mtumishi wa kaunti, na wengi mnatarajia niseme fedha zije kwetu. Zije! Lakini nawauliza mbele ya nyuso zenu: zikija, nani ataruhusiwa kuchimba barabara na kupima? Udongo wa Wambusa haukumwuliza Titus kama fedha zililiwa na mkubwa wa Nairobi au na mkubwa wa hapa. Fedha ni za yule mama wa bodaboda na mtungi wake wa maziwa. Wengine wote ni wabebaji, na mbebaji haulizwi kama angependa kukaguliwa.

Nimepewa zawadi nzuri leo. Kiti cha kupumzikia, na maneno mengi ya kunitaka nikapumzike. Kiti nakipokea kwa mikono miwili.

Lakini Jumatatu ijayo kandarasi mpya inaanza katika barabara ya soko la Eshibanze, kilomita sita. Wiki tatu zilizopita nilimwandikia Mhandisi Mkuu kama raia, si kama mfanyakazi, nikaomba nakala ya mkataba ule, kwa kuwa katiba inanipa haki ya kuuona. Sijajibiwa. Bwana Shitanda, wewe ni mtu mwadilifu na nimefurahi kufanya kazi chini yako, kwa hiyo sitakuviringishia maneno. Nakuuliza hapa, mbele ya Waziri, mbele ya wachungaji na mashekhe, mbele ya Titus na Bi. Cherotich: mkataba ule nitaupata kabla ya Jumatatu?

Nangoja.

Ameitikia kwa kichwa. Mmemwona? Wale wa nyuma, mmemwona? Waliomwona, inueni mikono juu. Juu kabisa, Mheshimiwa Waziri aione.

Asanteni kwa kunisikiliza. Na kwa mikono hiyo, asanteni zaidi.