Sufi Ndani ya Pipa: Maisha ya Alphonse Kapya, Fundi wa Viti (1912–1958)

Ndugu, jamaa, majirani wa Katuba, na ninyi mliokuja moja kwa moja kutoka kazini na mafuta bado mikononi, asanteni. Mtuwie radhi kwa kuwasimamisha juani. Familia haijalala tangu Jumapili, na sauti ya msomaji imekwisha kwa kulia na kwa moshi, kwa hiyo tutasema yanayotosha na kumweka mzee wetu mahali pake. Kama kati yetu yupo aliyetumwa na Bula Matari, serikali ya Wabelgiji, kuja kusikiliza inasemwaje makaburini, basi asogee karibu asikie vizuri. Hatutarudia.

Marehemu Alphonse Kapya alizaliwa Kambove tarehe 14 Machi 1912. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Ngosa, aliyekuwa akipakia mawe ya shaba mgodini, na Mama Annie Kalaba, aliyekuwa akilima mihogo nyuma ya kambi. Wawili waliomtangulia hawakuishi. Mama yake alimlea kama mtu anayebeba yai, na mtoto naye akakua mpole vile vile, mtu wa kukaa chini na kutazama mikono yake inafanya nini.

Alisoma kwa mapadri hapo hapo Kambove kuanzia mwaka 1920 hadi 1926. Kusoma alijua, hesabu zilimkataa kabisa. Wenzake wa shule wanamkumbuka kwa jambo moja. Padri alikuwa na kawaida ya kulala baada ya chakula cha mchana, na mpira ulikuwa umepigwa marufuku saa hiyo kwa sababu ya kelele. Kapya akatafuta godoro kuukuu la misioni, akalipasua, akatoa sufi, akashona mpira wa turubai na kuujaza sufi hiyo mpaka ukawa mgumu wa kuchezeka. Ukiupiga, hausikiki. Wakacheza nyuma ya kanisa karibu muhula mzima, wakishangilia kwa kuinua mikono tu, midomo imefungwa. Padri alipogundua alicheka mpaka akatoa machozi, kisha akawachapa wote. Mzee alipokuwa akisimulia hadithi hiyo alikuwa akisema yule padri alikuwa mtu wa haki, maana alicheka kwanza.

Mwaka 1927 alipanda treni kuja Élisabethville, akajifunza kazi kwa Mgiriki mmoja aliyeshona hatamu na matandiko ya farasi. Farasi walipopungua na magari kuongezeka, akaingia mwaka 1938 katika kiwanda cha malori cha Mertekens. Kwa wasiopajua pale, hivi ndivyo kazi ilivyokuwa: lori lilifika kwa treni limefungwa vipande vipande ndani ya masanduku, na watu wetu wakaliunga kwa bolti, chuma kwa chuma, mpaka likasimama kwa magurudumu yake. Kapya alikuwa mwishoni kabisa. Yeye alishona viti na turubai. Alikuwa akisema lori halijawa lori mpaka mtu apate pa kukaa.

Tarehe 9 Februari 1935 alikuwa amefunga ndoa na Victorine Mutale, huyu mama mnayemwona hapa. Siku ya posa aliketishwa kwenye kiti cha baba mkwe kilichochanika. Wajomba wake waliendelea kuzungumza mambo ya mahari, naye akakigeuza kiti miguu juu, akatoa sindano kwenye kola ya shati, akaanza kukishona. Baba mkwe akauliza, “Huyu amekuja kuoa ao kutengeneza nyumba?” Mama Victorine anasema alimpenda tangu saa ile, na kwamba tangu siku ile hakuwahi kumwona amekaa bila sindano.

Sasa tufike mwaka 1953. Kuna waliotushauri turuke hapa. Tumechoka kuruka.

Mwezi wa nne mwaka ule, mnyororo wa kunyanyulia ulikatika na lori ambalo halijaisha likamwangukia Jeannot Mwape, kijana wa watoto wawili. Alikufa pale pale. Mkewe Albertine alipewa juma moja kuhama nyumba ya kambi, kwa kuwa nyumba ni ya mfanyakazi na mfanyakazi hayupo tena. Kapya ndiye aliyembebea godoro. Aliporudi hakula. Alimwambia mkewe, “Victorine, muntu anakufa ku kazi yabo, na banafukuza bibi yake kama kuku. Aba bajane bapewe hata miezi tatu mu nyumba. Mitatu tu.”

Sheria ilikuwa imesharuhusu wafanyakazi weusi kuwa na sendika, chama chao cha kazi, na kumchagua msemaji wao. Kapya, ambaye hakuwahi kugombea hata ukapita, yaani unyapara, wa viti, akasema atasimama. Aliomba jambo moja tu, hiyo miezi mitatu ya wajane. Utafikiri ameomba funguo za benki! Bwana mmoja wa serikali akaanza kuzunguka kambini jioni, akiingia nyumba kwa nyumba, akiuliza kwa upole watu wana watoto wangapi, wamefika lini mjini, na kijiji chao kiko wapi. Kila mtu alielewa maana ya kuulizwa kijiji chako kiko wapi: unaweza kurudishwa huko. Ilisemwa pia kwamba Kapya anatumiwa na Wakomunisti. Mzee aliuliza hao ni kabila gani, na kama nao wana wajane.

Serikali ikamtafutia mpinzani. Ni Floribert Kasonde, kapita wa bolti, ambaye yupo hapa. Tuseme ukweli wote: Kasonde hakuomba. Aliitwa ofisini, akatoka akiwa mgombea.

Kura ilipigwa Jumamosi tarehe 19 Septemba 1953, na kwa kuwa wengi hawakujua kuandika, ilipigwa kwa bolti. Kila mtu angechukua bolti moja mlangoni, aingie nyuma ya pazia la turubai, aitupe panapomfaa: kwa Kapya, ndani ya pipa kubwa la mafuta, kwa Kasonde, ndani ya ndoo ya bati. Pazia hilo alilishona Kapya mwenyewe kwa amri ya ofisi. Alipokwenda asubuhi kulitundika, aliona meza ya yule bwana wa serikali imewekwa hatua chache tu kutoka pazia, na kiti kimelipa mgongo. Akajiuliza kwa nini mtu anayesimamia kura akae asitazame. Akaokota bolti, akaitupa ndani ya pipa. Dwiii! Akaitupa nyingine ndani ya ndoo. Kling! Basi akaelewa. Macho yamefungiwa pazia, masikio yameachiwa mlango wazi.

Akarudi sehemu yake kuchukua mafuko ya sufi. Msaidizi wake Rigobert, tuliye naye hapa, alimwuliza kama mdogo kwa kaka yake, “Yaya, ile sufi unapeleka wapi?”

Kapya akajibu, “Masikio ya huyu bwana iko na njaa lelo. Tuinyime chakula.”

Akajaza sufi ndani ya pipa na ndani ya ndoo, sawasawa kote kuwili, hakujipendelea. Watu wakaanza kuingia. Mtu anaingia, kimya, anatoka. Mwingine anaingia, kimya, anatoka. Waliokuwapo wanasema watu walianza kutoka nyuma ya pazia wakiwa wamenyoosha mabega, na wengine wakatabasamu chini chini, kama wale watoto wa Kambove na mpira wao. Yule bwana akajigeuza kwenye kiti. Akasafisha sikio kwa kidole. Karibu nusu ya kiwanda ilikuwa imepita alipoinuka, akavuta pazia, akaingiza mkono ndani ya pipa na kuutoa umejaa sufi.

“Nani aliweka hii takataka?”

“Ni miye, bwana,” alisema Kapya. “Chuma ikianguka mu chuma inaumiza kichwa. Nilifikiri kichwa ya bwana.”

Huyu hakucheka kwanza. Aliamuru vyote viwili vimwagwe sakafuni, pipa na ndoo pamoja, bolti zikachanganyika chungu moja na sufi ikaruka kiwanda kizima. Kisha kura ikaanza upya, pipa na ndoo vitupu, kiti karibu zaidi. Mnajua yaliyofuata. Kling. Kling. Kling. Kapya alisimama pale na sufi nywelini, akisikiliza marafiki zake mmoja mmoja. Mara chache sana pipa lililia, na kila lilipolia yule bwana alinyanyua kichwa kuona nani anatoka. Kasonde akashinda. Wajane hawakupewa hata siku moja, ila timu ya mpira ya kiwanda ilipata jezi.

Mwezi wa kumi na moja Kapya aliambiwa kazi imepungua. Kazi ya viti, wakati malori yanatoka kila siku! Naye akapewa juma moja kuhama, na safari hii godoro lililobebwa lilikuwa la Victorine wake. Januari 1954 wakahamia hapa Katuba. Alishona makochi ya wazungu wa mtaa wa Golf, akalea watoto wake, hakumsema mtu vibaya. Ila swali moja halikumtoka. Zile bolti za kwanza, zilizoanguka juu ya sufi kabla ya kumwagwa, zilikuwa za nani? Je, wenzake walimtaka ila hawakuweza kusema, ama hawakumtaka tangu mwanzo, na sufi ile ilificha aibu yake mwenyewe? Angeweza kuvumilia kushindwa. Kutojua ndiko kulikomla. Hata katikati ya chakula aliuliza, “Victorine, mbele ya kumwanga zile bolti, mule mu pipa mulikuwa nini?” Naye alikuwa akijibu, “Miye nitajua je, baba? Kula.”

Kikohozi kilianza mwaka 1956. Daktari alisema ni mavumbi ya sufi na manyoya ya farasi, ya miaka mingi. Alilazwa hospitali tarehe 12 Julai mwaka huu. Kila siku aliuliza kama kuna mtu wa kazini amekuja. Hakuja mtu. Mkewe alimwambia wanamsalimu, na Mungu atamsamehe uongo huo. Jumapili tarehe 3 Agosti, asubuhi, wakati kengele za misa zikilia, alifariki mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe.

Haya ya mwisho hayakuwamo tulipoanza kuandika. Yametokea jana, Jumatatu.

Jana jioni, saa ya kutoka kazini, tulikuwa tumekaa matangani. Kwenye kona ya nyumba, chini ya bati, liko pipa letu la maji ya mvua, kavu kama lilivyo kila mwezi wa nane. Rigobert aliingia uani. Hakusalimu, hakwenda kwenye sahani ya michango. Alikwenda kwenye pipa, akatoa kitu mfukoni, akakiangusha. Dwiii! Wanawake waliacha kuimba. Nyuma yake akaja Chanda wa sehemu ya rangi kiwandani, naye akaangusha. Halafu mwingine, na mwingine, wakapanga mstari mpaka njiani, wamevaa nguo za kazi, kila mmoja na bolti yake. Mama Victorine alitoka ndani akifikiri ni watoto wanachezea pipa. Alipoona, alisimama akashika nguzo ya mlango.

Wa mwisho alikuwa Floribert Kasonde, yeye peke yake bila nguo za kazi. Aliangusha yake, akavua kofia.

“Mama,” alisema, “hata miye. Siku ya sufi, yangu niliweka mu pipa yake. Shiye bote tulimutaka yeye.”

“Miaka tano alikuwa anauliza,” alisema Mama Victorine. “Miaka tano, Floribert! Ku hospitali alikuwa anauliza. Sasa munamuambia nani?”

Kasonde alikaa chini mavumbini kwa nguo zake za Jumapili, akalia kama mtoto, na mama akaenda kumletea maji, kwa sababu ndivyo alivyo. Sisi wa ukoo hatuna la kuongeza. Hatuwachukii. Tumechoka tu, na tungependa angesikia.

Marehemu ameacha mjane, Mama Victorine Mutale, watoto wanne, Annie aliyeolewa Jadotville, André wa reli, Mutale, na Ngosa mdogo, wajukuu watatu, sindano zake, ambazo hakuna anayejua zigawanywe vipi, na pipa moja la maji hapa Katuba. Mvua zikianza itabidi limwagwe ili tupate maji. Tumemwambia mama, naye amekataa. Amesema bolti za mzee zimemwagwa mara moja, inatosha.

Ndani ya sanduku hili wenzake wameomba wamtandikie sufi, na familia imekubali. Pumzika sasa, Alphonse Kapya, kwa amani uliyonyimwa. Jibu limefika, limechelewa siku moja.