Filisita Kerketta, Aliyetaka Kuambiwa Kwanza

Baba Padri, masista, wazee wa Bandhtoli, na ninyi nyote mliovuka mto asubuhi hii kuja kutufuta machozi, familia ya Kerketta inawaomba mkae mtusikilize, na mtuvumilie pale yatakapouma, kwa maana marehemu mwenyewe aliagiza kwamba maisha yake yasomwe yote, bila kurukwa ukurasa kwa ajili ya kumstahi mtu.

Filisita Kerketta alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 katika kijiji cha Jamtoli, wilaya ya Gumla, akiwa mtoto wa tatu na binti pekee wa marehemu Mzee Patras Kerketta na Mama Elisaba Toppo, wakati maua ya mti wa mahua yanadondoka na wanawake wanayaokota, na mama yake alikuwa akisema kwamba uchungu ulimshika kikapu hakijajaa, akakikasirikia kikapu kuliko uchungu. Alisoma katika shule ya masista hadi darasa la nane, mwaka 1998, akiwa hodari wa hesabu na mwepesi wa kuuliza, hata Sista Mkuu akamwambia baba yake, "Mzee Patras, huyu binti ana akili, ila maswali yake yatanizeesha," naye Mzee akajibu, "Mimi keshanizeesha, Sista, sasa ni zamu yako."

Mwezi Septemba 1996, katika sikukuu ya Karam, Filisita na Bernadeta Lakra walibadilishana tawi la mti wa karam, kila mmoja akamchomekea mwenzake nyuma ya sikio. Mnajua maana yake, na Padri anajua ingawa huwa anatazama pembeni: waliobadilishana tawi hawaitani majina tena mpaka kufa, huitana Mwenzangu, na Mwenzangu akisema twende, huulizi wapi wala kwa nini, kwa kuwa kumuuliza ni kumwambia usoni kwamba unamwona mtu wa kuja. Hivyo binti aliyeuliza kila kitu duniani alikuwa na mtu mmoja tu ambaye yeye hakumuuliza, na aliona fahari kuwa naye.

Kuanzia mwaka 2000 hadi 2005 alifanya kazi za ndani Delhi, akarudi na mashine ya kushona na Kihindi cha kugombea bei, na tarehe 11 Februari 2006 akafunga ndoa takatifu na Bonifas Kujur wa hapa Bandhtoli, ambako Bernadeta alikuwa ameshaolewa nyumba ya tatu kutoka kwake. Tarehe 3 Desemba 2007 Mungu akawajalia binti, Anjela, mtoto aliyecheka kabla hajajua kukaa.

Marehemu alitaka watoto wanne, ila alitaka wapishane, apumzike kidogo baina yao, na hilo alimwambia Bernadeta, ambaye wakati huo alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji na alikuwa amepangiwa idadi ya wanawake wa kupeleka kwenye kambi ya uzazi wa mpango kabla majira ya baridi hayajaisha. Bernadeta alimuuliza msimamizi wake, "Hii ni ya miaka mitatu, halafu inatolewa, siyo?" Msimamizi akajibu huku akitazama saa, "Ndiyo, ndiyo, wewe lete watu." Akaja kwa Filisita akamwambia, "Mwenzangu, kesho twende, wanakuwekea kitu cha kupumzika miaka mitatu," naye Filisita akafunga mtoto mgongoni. Tarehe 21 Januari 2010, katika jengo la shule lililogeuzwa kambi ya upasuaji, wanawake walilazwa sakafuni kwa safu, wakabanwa dole gumba kwenye karatasi wakiwa wameshachomwa sindano ya kulevya, na daktari aliyewapasua hakumuuliza hata mmoja wao jina. Filisita aliyesoma hadi darasa la nane, mwenye saini nzuri kuliko yangu ninayewasomea, naye alibanwa dole. Alirudi na mshono chini ya kitovu, na Bernadeta akamkanda kwa maji ya moto juma zima.

Tarehe 17 Agosti 2011 malaria ilipanda kichwani kwa Anjela, na kabla jua halijatua alikuwa ameondoka.

Mwezi Februari 2013, miaka mitatu ilipotimia, wawili hao walikwenda hospitali pamoja, wamevaa sari za kanisani, ili kile kitu kitolewe. Daktari wa zamu alicheka. "Kitolewe nini? Mirija imekatwa, mama, imefungwa. Hukuambiwa?" Walirudi kwa miguu, na walipofika kwenye daraja Filisita akageuka akasema, "Bernadeta, wewe tangulia." Kwa kumtaja jina alikuwa amelikata tawi, na aliyesikia hapa kijijini alijua, maana kwetu hakuna njia nyingine ya kulikata.

Watu wakaanza kumwambia mficha uchi hazai, wakampeleka kwa waganga, wakampeleka kwenye maombi, naye hakuwa na cha kuficha, alishafichiwa. Mama mkwe akasema nyumba haikai na mti usiozaa, na mwezi Oktoba 2014 Bonifas akaenda visiwa vya Andaman kutafuta kibarua, akapata kibarua, akapata na mke. Hatumtukani, ila tunalitaja, kama tulivyoagizwa.

Kuanzia mwaka 2015 marehemu alikuwa mpishi wa chakula cha mchana katika shule ya msingi, akipika wali na dengu, akiwaambia watoto kwamba anayebakiza dengu atarudi duniani akiwa mbuzi, na Padri atusamehe kwa fundisho hilo.

Mwezi Juni 2022 alianza kutokwa damu na kuumwa tumbo. Hospitali ya kwanza ilisema lazima apasuliwe, naye akasema, "Kwanza niambieni mnakata nini." Wakamuuliza mume yuko wapi aje atie saini, akajibu, "Tumbo ni langu, mume ni wa Andaman." Wakamrudisha nyumbani. Hospitali ya pili, Januari 2023, hawakutaka mume, walitaka dole gumba, na alipouliza tena, daktari akamwambia, "Mama, nina wagonjwa sitini nje, wewe unataka darasa?" Sisi nduguze tulimsihi akubali tu, tukalia, mama yetu akapiga magoti, naye akasema, "Kuuliza si ujinga. Mara ile sikuuliza." Akachukua viatu vyake akatoka.

Mwezi Agosti 2023, mjini Ranchi, Daktari Nilima Horo alivuta kiti akakaa, akamchorea tumbo lake lote, akajibu kila swali, hata alipoulizwa lile lile mara ya pili. Filisita akasema, "Sasa nakubali, nikate." Daktari akamshika mkono akamweleza na hilo pia, kwamba saratani ilikuwa imeenea na hapakuwa tena na cha kukata. Ndugu waombolezaji, mara ya kwanza dada yetu kuambiwa ukweli wote wa mwili wake, ukweli wenyewe ulikuwa huo.

Kwa miezi mitatu Bernadeta alikuja kila siku kumlisha maji ya wali kwa kijiko, kumgeuza na kumsafisha, naye alikula, alishukuru, na hadi alipokata roho, Alhamisi tarehe 9 Novemba 2023, akiwa na miaka 39, alimwita kwa jina, Bernadeta. Bernadeta, uko hapa, tunakuona. Ulikuwa ukimtazama mdomo kila alipoufungua. Hatuna la kukupa, kwa sababu neno ulilokuwa ukilingoja hakutuachia.

Familia inamshukuru Daktari Nilima Horo kwa kile kiti alichokivuta, inawashukuru majirani waliochimba kaburi na kupika, wapishi wenzake wa shule, na watoto waliokuja na sahani zao. Madaktari wengine aliagiza tusiwashukuru, na tumetii. Jana akina mama walipotaka kumwosha, mmoja wao alimwinamia akamuuliza, "Filisita, tukuguse?" wote wakasubiri, na alipokosa kujibu, wakaangua kilio.

Pumzika, dada yetu. Amani hatukukupa tulipokuwa nawe, ukaichukue mwenyewe huko uendako.